Ijumaa za Simu Bubu

Jumatatu, 3 Machi

Masika yameanza usiku na simu imeingia asubuhi. Vyote viwili vimenikuta bado nina usingizi.

Simu ni ya chama chetu cha kahawa. Kila mjumbe wa bodi anawekewa moja nyumbani, ya mezani, nyeusi, ina kioo kidogo cha kuonyesha nani anapiga. Haina vocha. Ukiongea kutwa hulipi. Niliposikia hivyo nikamwambia fundi aiweke karibu na kitanda.

Fundi mwenyewe ni mwanamke, anaitwa Elisifa, kwao Kwa Sadala. Akapanda juu ya paa kwenye mvua, akashuka, akaniambia sauti yangu itapita kwenye intaneti. Kila simu ina anwani yake huko ndani, kama namba ya nyumba. Nikamwuliza kama anwani yenyewe ni kile kibao walichonipigilia mlangoni, Mtaa wa Mfongoni nyumba 26. Akacheka. Akasema hapana, na tena zile anwani za zamani zimekwisha.

"Zimekwisha Uru?"

"Zimekwisha dunia nzima, babu."

Nilikaa chini. Nimeona sukari ikiisha, mafuta yakiisha, hata padre akiishiwa mahubiri. Namba kuisha sijapata kuona. Namba!

"Nani kazimaliza?"

"Watu. Simu, televisheni, hata kamera za getini. Kila kimoja kinataka anwani yake. Kwa hiyo zimetengenezwa mpya, ndefu. Huku Uru tumewapa hizo mpya. Marangu bado wako kwenye za zamani."

"Sasa mpya na ya zamani wataelewanaje?"

"Katikati kuna mkalimani."

Nikamwambia usiniite babu, mimi ni kijana niliyetangulia. Akaondoka anacheka. Binti yangu Aika naye alikuwa anacheka jikoni. Huyu ndiye mtoto wangu wa mwisho, mwalimu hapa shule ya msingi, na tangu mama yake afariki ndiye peke yake katika nyumba hii anayecheka ninapotania. Dada yangu Bernadetha wa nyumba ya pili hacheki, yeye huhesabu dhambi.

Bernadetha kaja jioni kuiangalia simu. Kasema: "Kaka Aristides, harusi ya Aika ni tarehe saba Juni. Ulimi wako ufunge kwa kamba ya mgomba mpaka siku hiyo. Yule mkwe si mtu wa kutaniwa."

Ni kweli. Mkwe wangu mtarajiwa ni Mwalimu Filemon wa Marangu, alikuwa mkuu wa shule, naye ni mjumbe wa bodi ya chama cha kwao. Mwanawe Martin ndiye anamchukua Aika. Mkwe haitwi kwa jina, hachekwi, hakatizwi maneno. Mimi nitapasuka.

Ijumaa, 7 Machi

Simu imelia! Kwenye kioo imeandikwa Marangu, Mwl. Filemon. Nimefunga kifungo cha juu cha shati kabla ya kupokea.

Haloo. Kimya. Haloo, mkwe, shimbonyi? Kimya. Hata upepo hamna, hata kukoroma. Nikaitikisa, nikaipuliza. Mwisho nikaiambia: "Na wewe umemfuata aliyekupigisha. Kifua mbele, la maana hamna." Nikaiweka chini.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Bakuli la mtori. Mvua.

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu amenipigia kwenye kitochi changu, ile simu ndogo ya mkononi. Ameongea kwa haraka maana vocha ni yake, na sisi Wachagga tunajuana. Jumapili wanaleta mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwa ajili ya posa. Nikamwambia: "Mkwe, Ijumaa ulipiga ile ya chama, sikusikia kitu."

Akakohoa. "Mitambo hiyo, mkwe. Nitaendelea kujaribu kila Ijumaa."

Mtu wa subira kweli.

Ijumaa, 14 Machi

Imelia. Kimya tena. Ila leo sikuiweka chini, nimegundua jambo. Simu iliyokufa ni kitu kitamu sana. Una mkono wake sikioni, uso wako umeelekea Marangu, na hakuna anayekusikia. Kizimba cha kitubio bila padre.

Nikamwambia: "Mkwe, mbege uliyoleta Januari, ukiimwaga mfongoni, kwenye mfereji wetu, maji hayajui kama kuna kitu kimeongezeka. Ulezi ulikuwa umesafiri? Na hotuba yako! Mtu kaja kuomba mke wa mwanawe, anaanza na historia ya elimu. Na hiyo pua, Mwalimu, ukiinama kwenye kata mbege inakosa mahali pa kupita."

Nimejisikia mwepesi kama nimetoka kuoga.

Jumapili, 16 Machi

Wageni wamekuja. Nimeonja mbege nikashtuka, karibu kata inidondoke. Nzito! Ulezi umejaa, inashika mdomo kama uji. Mwalimu alisimama, akasema maneno machache tu, akakaa. Watu wa kwetu wakatazamana. Hata Bernadetha alisahau kununa.

Nimesema moyoni, bahati hiyo.

Ijumaa, 21 Machi

Imelia nikiwa shambani napogoa migomba. Nimekimbia na panga mkononi, kwa umri wangu. Nimeishika nikihema, nikamwambia: "Safari iliyopita umejitahidi. Lakini mbona humwiti binti yangu jina? 'Binti huyu', 'binti huyu', utadhani unaelekeza mfuko wa mbolea. Anaitwa Aika. Anapanda matope ya mlima huu kila asubuhi kwenda kufundisha watoto wa watu, kiatu chake kimefunguka mdomo kama mamba, na ninyi mnaomtaka hamjaona. Mnaona ndafu tu, mbuzi wa kuchoma wa harusi."

Hili la viatu sikujua kama linaniuma mpaka niliposikia nimelisema.

Jumamosi, 22 Machi

Mfongo umefurika. Nimepoteza sendo moja. Ya kulia.

Jumapili, 30 Machi

Nimefunga mlango kwa komeo ndipo naandika.

Mwalimu kaja peke yake. Kasema alikuwa anapita. Nani anapita Uru akitoka Marangu kwenda Marangu? Kaingia, kamsalimia Aika: "Hujambo, mwanangu Aika." Mwanangu Aika! Halafu katoa mfuko, ndani yake buti za mvua za kijani, mpya, saizi yake kamili. Aika akazivaa palepale akazunguka sebuleni kama mtoto.

Amejuaje?

Alipoondoka nikavuka ua mpaka kwa Bernadetha. "Wewe ndiye unampelekea maneno!"

"Maneno gani?"

"Ya mbege. Ya jina. Ya viatu."

"Kaka, mimi nimejua habari ya viatu leo, kwa mdomo wako. Na ya mbege ulimwambia nani?"

Kwamba niliiambia simu, hilo halisemeki mbele ya Bernadetha.

Nimefikiria kama Mwalimu ana mganga wa kumtazamia mambo kwenye maji. Mkatoliki yule, anabeba sadaka kanisani! Nimesali Salamu Maria kadhaa.

Ijumaa, 4 Aprili

Imelia. Nimeitazama kwanza. Nikamwambia taratibu: "Mwalimu, unaniharibia. Mtu mbaya akigeuka mwema ananinyang'anya mazungumzo. Nani nitamsema sasa?" Nimengoja kidogo. Kimya. Imekufa kweli hii.

Kusema haki, zile buti amechagua vizuri.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo ni siku mbaya.

Asubuhi nimemkuta Aika anapanga vitu vyake kwenye sanduku la bati la mama yake. Kata ya mama yake. Kanga za mama yake. Ile picha yetu ya studio ya Moshi mjini, mimi nimevaa koti la kuazima. Anaimba huku anapanga. Nikamwuliza: "Hata picha?" Akasema: "Baba, nitatengeneza nakala nikurudishie." Akanibusu kipara, akavaa buti zake, akaenda shule.

Nikabaki na kuku.

Mvua ikapiga bati mpaka mchana. Nikala kiporo cha kiburu nimesimama. Saa ile ile simu ikalia. Sikusema hata haloo. Nikaanza.

Nilisema: "Filemon." Kwa jina, mkwe wangu, Mungu anisamehe. "Filemon, huyu mtoto sikupi. Siku hiyo mtakuja na ndafu wenu na kwaya yenu, mtanipa kata ili ninywe funda, nimtemee mwanangu matone ya baraka. Sitanywa. Nitafumba mdomo kama mlango wa benki Jumapili. Bila baraka ya baba hatoki, unajua. Mtarudi Marangu na aibu yenu. Unadhani mimi ni mcheshi? Mimi natania kwa sababu yupo wa kucheka. Akitoka, nitamtania nani, huyu jogoo?"

Nikalia. Ndiyo, mzee nimelia kwenye simu mbovu. Nikaiweka chini, nikajifuta, nikaenda kufunga mbuzi.

Bila shaka nisingefanya hivyo. Ni maneno. Nani hajawahi kuiambia mvua amechoka nayo?

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Haikulia. Atakuwa kwenye Njia ya Msalaba.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Bernadetha kaimba sauti ya juu mpaka katekista kageuka.

Ijumaa, 25 Aprili

Haikulia. Nimekaa karibu nayo tangu asubuhi. Nimeinua mkono wake kuona kama ina uhai, inaunguruma. Nikairudisha. Nimeshangaa kugundua namngoja Filemon. Mimi! Yule mwenye pua!

Jumapili, 27 Aprili

Martin kaja amelowa chapachapa, kofia mkononi, hakutaka kukaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kunywa chai."

"Baba, sijui nisemeje. Mzee wangu amesimamisha kila kitu. Ndafu amemrudisha zizini. Watu wa maturubai kawaambia wasubiri. Nikimwuliza sababu anasema, 'Kamwulize baba yake Aika.' Ndiyo nimekuja."

Aika alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Akaliweka chini polepole. "Baba. Umesema nini?"

"Sijasema kitu! Naapa kwa kaburi la mama yako, tangu Januari sijamwambia mkwe wangu neno hata moja baya!"

Na ilikuwa kweli. Nilivyojua mimi ilikuwa kweli tupu.

Aika kaingia chumbani. Sauti ya sanduku la bati likifunguliwa naijua. Anatoa vitu, anavirudisha rafuni. Kitu kile kile nilichokitaka, na kila chombo kikigusa rafu nasikia kama kinagonga kifua changu.

Martin kaondoka bila chai. Nimemtukana Filemon kwa Kichagga mpaka giza, safari hii bila simu.

Jumatano, 30 Aprili

Bwana wangu na Mungu wangu.

Fundi Elisifa kaja leo. Wajumbe wa Uru wote wamelalamika simu za Marangu hazisikiki. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, sijanyoa, sina hamu hata ya kumtania. Akapiga Marangu kwa mwenzake aliyekuwa ofisi ya chama kule. Mkono mmoja ameshika simu yangu ya mezani, mwingine simu yake ya mfukoni, kote kote yuko na mtu yule yule. Akaongea kwenye ya mezani: "Moja, mbili, tatu, Uru hapa." Halafu akasikiliza ya mfukoni, akatikisa kichwa.

"Eti ananisikia vizuri sana," akasema. "Kama yuko chumba kimoja na mimi. Mimi ndiye simsikii kwenye hii yako."

Nikasema: "Ngoja. Rudia."

"Sauti ya Uru inafika Marangu, babu. Ya Marangu ndiyo hairudi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyoifunga. Hakuna kilichobadilika."

Nimewahi kuangukiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Mbele ya hili, ule mkungu ulikuwa wa manyoya.

Alinieleza, nami nikimsikiliza kama mtu aliye chini ya maji. Ule mkalimani wa katikati, anasema, anabadilisha anwani juu ya bahasha. Barua yenyewe haifungui. Na ndani ya barua simu yangu imeandika, "Sauti zenu nileteeni hapa," ikataja ile anwani yake mpya ndefu. Marangu wanapokea, wanasoma, anwani ya namna hiyo hawaijui. Kwa hiyo mlio unapita, sauti yangu inapita, lakini jibu lao halina pa kwenda. Ni kama niandike barua niseme nijibiwe Mtaa wa Mfongoni nyumba 26, na tarishi anajua sanduku la parokia tu.

"Dawa yake ni kuweka mtambo mjini Moshi, upokee sauti za pande zote mbili na kuzikabidhi," akasema. "Wiki ijayo utakuwa tayari."

Sikuwa na haja ya wiki ijayo. Nilikuwa nazipitia Ijumaa kichwani moja moja. Kifua mbele, la maana hamna. Alisikia. Ulezi umesafiri. Alisikia. Mfuko wa mbolea. Pua! Mama yangu, pua!

Halafu ile ya tarehe kumi na moja.

"Babu, uko sawa?"

"Elisifa," nikasema, "kuna anwani mpya huko ambako mtu anaweza kuhamia?"

Alhamisi, 1 Mei

Sikulala. Alfajiri nimeenda mpakani, nimekata isale, nimelifunga fundo. Kwetu jani hili ukimpelekea mtu hawezi kukukatalia msamaha, hata kama ulimchomea nyumba. Ila lazima upeleke kwa mkono wako. Halipiti kwenye simu, ya zamani wala mpya.

Aika kaniona navaa koti. "Unaenda wapi na mvua hii?"

"Kurudisha ndafu."

Nikashuka Moshi, nikapanda gari la Marangu, nikapanda kilima cha mwisho kwa miguu, isale ndani ya koti. Mwalimu alikuwa barazani anachambua maharage ya mbegu. Aliponiona akasimama. Mimi nikainama kabla sijafika, nikalinyoosha jani. Maneno yote niliyoandaa njiani yalikuwa yamelowa.

"Mkwe," nikasema, "nilidhani imekufa."

"Najua. Uliniambia mwenyewe. Kila Ijumaa."

"Na wewe ukaendelea kupiga!"

Akalipokea isale kwa mikono miwili, akakaa nalo magotini. "Mzee Aristides, mimi nimekuwa mkuu wa shule maisha yangu yote. Nikiongea watu wanapiga makofi. Mke wangu alikuwa ananiambia ukweli, naye amekwenda. Siku ile ya kwanza nilisema haloo mpaka nikachoka, nikataka kukata. Ndipo nikakusikia ukisema kifua mbele, la maana hamna. Nikacheka peke yangu hapa barazani. Nikasema, nikimwambia anasikika, ataanza kuniita Mwalimu na mheshimiwa kama wengine. Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, nami sina isale la kukupa."

"Na ndafu? Umemrudisha kwa hasira?"

"Hasira?" Akashangaa kweli. "Nilimsikia baba akilia kwamba mtoto wake hampi mtu. Mimi ni nani nije na kwaya nimchukue? Huko si kuoa, huko ni kuvunja mlango. Nikasema nisubiri mpaka aseme mwenyewe, mdomo kwa sikio."

Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha kwa mtu mwenye majivuno, na huyo mtu hayupo. Sijui alihama lini. Au hakuwahi kukaa hapo.

Nikasema: "Nasema mwenyewe. Mchukueni. Nitakunywa funda kubwa."

Mvua ikapungua. Akachagua maharage mawili matatu, halafu bila kuniangalia akauliza: "Lile la pua. Ulimaanisha?"

"Lile nililimaanisha."

Akacheka. Mwalimu Filemon alicheka mpaka ungo wa maharage ukapinduka, na majirani wawili wakaja uani kuangalia kuna nini.

Ijumaa, 9 Mei

Mtambo wa Moshi umewashwa. Imelia.

"Haloo, mkwe, nakusikia."

"Nami nakusikia, mkwe."

"Mvua huko?"

"Ipo. Huko?"

"Ipo."

Tukakosa la kusema, tukaagana kwa heshima zote. Mambo gani haya! Wametengeneza simu, wameharibu mazungumzo.

Jumamosi, 7 Juni

Jua. Nimekunywa funda kubwa. Nimemtemea matone kifuani, nimesema maneno ya baba yangu yote, na mengine nimeongeza. Sanduku la bati limebebwa na watu wawili. Picha imebaki ukutani, kaiacha yeye mwenyewe.

Jumapili, 8 Juni

Kuku.

Ijumaa, 13 Juni

Nyumba ina mwangwi. Bernadetha kaleta machalari, kasema kula, sikula.

Mchana ikalia. Marangu, Mwl. Filemon. Nikaishika. Safari hii nilisikia kila kitu: jogoo wao, ndoo ikiwekwa chini, na pumzi ya mtu mwenye pua kubwa akingoja nianze.

Nikakohoa. "Haloo?" nikasema. "Haloo? Haloo!" Nikaipuliza. "Aa, imekufa tena. Mitambo hii!"

Kule kikalia kitufe, kama mtu aliyeifungulia simu sauti isikike nyumba nzima, halafu kimya kabisa. Mzee yule si mjinga.

"Basi, kwa kuwa hakuna anayenisikia," nikasema, "ngoja nimseme huyu mkwe wangu. Juzi kwenye harusi alicheza. Nyie, mmewahi kuona nguzo ya umeme ikicheza?"

Na hapo, nyuma ya kimya cha Mwalimu, mbali kidogo, kama mtu aliyekuwa jikoni na mlango uko wazi, nikamsikia Aika akicheka.